Mapacha wa Jicho

Odeta wa Nansio alianza ufundi wa cherehani binti yake Precious akiwa hajaota meno, na mpaka Precious anaolewa Mwanza mjini, kisiwa cha Ukerewe karibu chote kilikuwa kimevaa mkono wake. Kaptula za wanafunzi, mashela ya maharusi, suti za madiwani, gauni za komunyo ya kwanza, vyote vilipita kwenye kibaraza chake kando ya barabara iendayo bandarini. Watu walisema Odeta hana haja ya futi. Akikutazama mara moja unaposhuka kwenye meli, kesho yake unaweza kwenda kuchukua suruali na ikakukaa.

Macho hayo ndiyo yaliyomwasi. Hayakumwasi kwa siku moja. Kwanza taa za pikipiki zilianza kuota miiba. Kisha rangi zikachujuka. Nyeupe ikawa kama chai ya maziwa, na nyingine zote zikawa kama kitu kilichoanguka kwenye tope. Halafu nyuso za watu zikaondoka, zikabaki sauti. Asubuhi moja alimwamkia jirani yake kwa heshima zote, akamuuliza habari za wajukuu na za mguu unaomsumbua, na asipojibiwa akamuuliza tena. Alikuwa mbuzi, amesimama kwa miguu ya nyuma akila majani ya mpapai.

Kushona hakuacha. Vidole vyake vilikuwa vinajua njia, kama ng'ombe anavyojua njia ya zizini. Lililomshinda ni rangi tu, na hapo ndipo alipomtegemea mume wake.

Obedi alikuwa mtu wa machungwa. Alikuwa na shamba dogo nyuma ya nyumba, na tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno "sijui". Ukimuuliza njia ya mji asiowahi kuufika, atakuelekeza. Basi Odeta akishika kitambaa atauliza, "Baba Precious, hiki ni cha kijani?" naye atajibu palepale, "Cha kijani hicho, shona." Atauliza, "Uzi huu ni mweusi?" Naye, "Mweusi kama usiku." Odeta alimshukuru Mungu kila siku kwa kumpa mume mwenye macho.

Habari za mbuzi zilimfikia Precious huko Igoma alikokuwa akiishi na familia yake. Jumamosi hiyohiyo akapanda meli.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona hukusema unakuja?"

"Ningesema ungejificha. Mama, hiki nilichoshika ni nini?"

Odeta alikunja uso, akasogeza kichwa huku na huku kama kuku. "Ni… sahani."

"Ni simu, mama." Sauti ya Precious ikakatika kidogo. "Hospitali ninayoifahamu kule mjini wana daktari mzuri wa macho. Jumatatu tunaondoka. Baba, nawe unakuja kumshika mkono."

Odeta alikuwa ameshajiandaa kukataa. Kwa miezi mingi alikuwa na majibu yake: macho ni uzee, uzee hauna dawa, na fundi akijulikana haoni nani atampelekea kitambaa? Lakini alipofungua mdomo, aliuliza tu meli inaondoka saa ngapi. Alikuwa amechoka kuwaamkia mbuzi.

Jumatatu wakaondoka. Obedi alimshika mkewe mkono kwa fahari, amevaa kofia yake ya pama, na moja kwa moja akampeleka kwenye foleni ya mizigo, wakasimama nyuma ya magunia ya muhogo mpaka Precious akaja kuwatoa.

"Bandari siku hizi wameibadilisha," Obedi alisema.

Hospitalini walipokelewa vizuri. Odeta akapimwa presha, akapimwa sukari, akatiwa matone yaliyowasha kidogo, akaketi kwenye benchi mpaka alipoitwa. Sauti iliyomkaribisha ndani ilikuwa ya msichana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Daktari yuko wapi?"

"Ndiye mimi. Naitwa Daktari Mihayo."

Odeta akapapasa hewani mpaka akaukuta mkono wa daktari, akauminya. Ulikuwa mkono mdogo, mkavu, uliotulia. Akaupenda. Mkono wa fundi unaujua kwa kuushika tu.

Daktari akamwekea kidevu kwenye chombo, akamulika jicho moja, kisha la pili.

"Mama, una mtoto wa jicho kulia, na una mtoto wa jicho kushoto. Wote wamekomaa kabisa."

"Kwa hiyo nina mapacha."

Daktari akacheka. "Una mapacha, mama."

"Kwa umri huu! Baba Precious, umesikia aibu uliyonitia?"

Muuguzi aliyekuwa pembeni, sista Faith, aliangusha kalamu kwa kicheko. Obedi akakohoa tu.

Daktari Mihayo akavuta kiti akaketi karibu nao. "Kawaida tunafanya jicho moja, tunasubiri wiki kadhaa lipone, ndipo tunafanya la pili. Lakini wewe unatoka kisiwani, macho yote yamefunga, presha yako nzuri, sukari nzuri, na sioni ugonjwa mwingine. Nikifanya moja tu, utarudi kwako unaona upande, na wengi wakisharudi hawaji tena. Ningependa kesho tufanye yote mawili, ukikubali."

"Hapana," alisema Obedi. Alisema haraka mno, mpaka wote wakamgeukia. "Samahani daktari. Mtu hapeleki ng'ombe wake wote mnadani siku moja. Fanyeni moja. La pili libaki akiba."

"Akiba ya nini?" Odeta akauliza. "Hilo la akiba linaona nini?"

"Linaona mwanga."

"Mwanga hata mche wa mahindi unaona, Baba Precious."

"Na yakiharibika yote mawili?"

Hilo ndilo swali ambalo Odeta mwenyewe alikuwa amelikalia tangu kwenye meli, akaona vyema limetoka mdomoni mwa mtu mwingine.

"Sitawadanganya," Daktari Mihayo alisema. "Hatari ipo. Ni ndogo, lakini ipo, hata kwa jicho moja. Ndiyo maana kila jicho nalichukulia kama mgonjwa wake. Nikimaliza la kwanza navua glovu, navua gauni, vyombo vyote vinaondoka, vinaletwa vingine visivyoguswa, na dawa nyingine. Naanza upya kama vile sijawahi kukuona. La kwanza likinipa wasiwasi wowote, siligusi la pili. Ukitaka moja, mama, tutafanya moja na sitakasirika."

Odeta alisikia magari yakipanda mlima chini ya dirisha, akasikia pumzi ya Obedi karibu na sikio lake, fupi fupi, kama ya mtu anayesubiri kuchanjwa. Akajiuliza mbona mume wake anaogopa kuliko yeye.

"Mwanangu," alimwambia daktari, "mimi nilijaliwa kuzaa mara moja tu, na uchungu wake naukumbuka. Lakini nimewaona waliojaliwa mapacha. Sijaona mkunga aliyemtoa mmoja akamwambia mwingine subiri mwezi ujao. Watoe wote."

Kesho yake wakamvika gauni la hospitali, wakamlaza, wakamtia ganzi. Kisha wakamfunika uso kwa kitambaa chenye tundu. Alikuwa macho, anasikia kila kitu. Juu yake palikuwa na mwanga mkubwa, na ndani ya mwanga huo rangi zikaanza kutembea taratibu, waridi, halafu kama maji ya chungwa, halafu weupe uliokuwa ukipasuka vipande vipande. Hakusikia maumivu. Alisikia kuguswa tu, kama mtu anayekutoa kijiti kwenye nywele.

"Unashona kwa uzi gani, mwanangu?" aliuliza chini ya kitambaa.

"Sishoni, mama. Tundu ni dogo, linajifunga lenyewe."

"Haa! Fundi usiyeshona!"

"Usinichekeshe, mama. Mtoto ametoka. Naweka lenzi sasa."

Kisha akasikia glovu zikivuliwa, sinia la vyombo likiondolewa, maji yakitiririka, sinia jingine likifunguliwa, na sauti ileile ikisema upya kabisa, "Shikamoo mama. Mimi naitwa Daktari Mihayo. Leo tunafanya jicho la kushoto."

"Marahaba," Odeta akaitikia kwa furaha. "Nimesikia sifa zako."

Walimtoa akiwa amefungwa macho yote mawili. Jioni ile giza lake lilikuwa giza jipya, la kusubiri, si lile la zamani la kuzoea. Obedi alikaa kando ya kitanda akamlisha ugali na samaki. Tonge la kwanza lilimpata kwenye kidevu. La pili likampata puani.

"Baba Precious, mdomo hujauona?"

"Unatikisika mno," alisema Obedi.

Asubuhi sista Faith alikuja na kigari chake. Precious alisimama upande mmoja, Obedi upande wa pili. Plasta ya kwanza ikabanduliwa taratibu, jicho likapanguswa kwa pamba yenye maji.

"Fungua, mama. Polepole."

Odeta akafungua.

Kitu cha kwanza hakikuwa uso. Kilikuwa sweta. Sista Faith alikuwa amevaa sweta ya bluu, na bluu hiyo ikamwingia Odeta kifuani kama maji baridi mchana wa kiangazi. Alikuwa amesahau. Hakujua kwamba amesahau. Kwa miaka yote hiyo alidhani dunia imechakaa, kumbe ilikuwa palepale, mpya, na vifungo vyake vyote.

"Bluu," alisema.

Wakambandua la pili. Bluu ikaongezeka. Akaona dirisha, na nje ya dirisha mawe makubwa ya Mwanza yamebebana mgongoni, na katikati ya mawe mabati ya nyumba, na chini kabisa ziwa limelala liking'aa mpaka likamtoa machozi.

"Mama usifute!" sista Faith akamdaka mkono. "Yaache yatiririke. Ukifuta kwa vidole daktari atanilaumu mimi."

Akamgeukia binti yake. Akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, kwa jicho lile lake la zamani la kupima.

"Precious! Una mvi!"

"Ndicho kitu cha kwanza kuniambia, mama?" Precious alikuwa analia na kucheka.

"Na blauzi hiyo imekubana mabegani. Nani amekushonea?"

Mwisho akamtazama Obedi. Alikuwa mzee, kwa hakika mzee sana kuliko yule aliyekuwa kichwani mwake, amekonda shingo, amevaa kofia yake ndani ya wodi. Shavu moja lilikuwa limenyolewa safi. Shavu la pili, chini ya sikio, palikuwa na kichaka cha ndevu nyeupe urefu wa kidole.

"Baba Precious, hiki nini?"

Obedi akajishika, akapapasa. "Wembe ulikuwa butu."

Odeta alicheka mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka nao bila kujua wanachekea nini. Hakuwaza zaidi ya hapo. Siku zote watu wanamtazama anayejikwaa. Nani atamtazama aliyemshika mkono?

Walikaa kwa Precious mpaka daktari alipomwona tena na kuridhika. Akampa matone ya kutia kila siku, miwani ya jua, na masharti: asiinue ndoo, asiinamie moshi, asisugue macho, na baada ya mwezi arudi apewe miwani ya karibu ya kushonea, maana lenzi alizowekewa zilikuwa za kuona mbali. Odeta akakubali yote. Safari ya kurudi alisimama kwenye meli njia nzima, akisoma kwa sauti kila alichokiona: majina ya mitumbwi, namba za maboya, tangazo la kukataza kutema mate.

"Tazama, Baba Precious, ndege wale, mnandi, juu ya jiwe! Wako wangapi?"

"Wengi," alisema Obedi.

Jumapili akaenda kanisani. Aliketi benchi la mbele, mume wake pembeni, na kila aliyepita alimshika mkono kumpa pongezi. Kengele ikalia, na kwaya ikaingia kwa mlango mkubwa ikiimba na kucheza, mwalimu wao Pius akiwa mbele.

Odeta alidhani kwanza ni kwaya mbili. Akadhani tena labda ni tatu, zimealikwa. Wa kwanza alikuwa na shati la kijani, mkono wa kulia wa kijani, mkono wa kushoto wa bluu. Wa pili shati lake lilikuwa la bluu mgongoni na kijani kifuani. Bwana mmoja mnene wa sauti ya nne, Okal, alikuwa na kola ya waridi. Dada mmoja alikuwa na mfuko wa njano, umekaa peke yake pale kifuani kama chungwa bivu. Hakukuwa na wawili waliofanana. Lakini ushonaji! Mishono ilikuwa imenyooka, mabega yamekaa sawasawa, pindo safi. Odeta aliujua mkono ule.

Moyo ukaanza kumwenda mbio. Akamwinamia mume wake.

"Baba Precious, ile ni kwaya gani?"

"Yetu."

"Mashati yale nani amewashonea?"

"Wewe! Yale ya Pasaka ya mwaka jana, si unakumbuka? Jora lile nilikuwa nakukatia mwenyewe." Obedi akanyoosha mgongo, akawatazama waimbaji kwa fahari, kichwa kimeinama upande. "Ona wanavyopendeza. Kijani tupu."

Odeta aligeuka polepole.

Jua la asubuhi lilikuwa linaingia kwa dirisha la pembeni, likampiga Obedi usoni, na kofia kwa kuwa wako kanisani alikuwa ameivua. Odeta akamtazama ndani ya macho, kwa karibu, kama ambavyo hakuwa amemtazama kwa miaka. Katikati ya kila jicho, mahali panapopaswa kuwa peusi, palikuwa na kitu cha kijivu, kama tone la maziwa ndani ya maji ya mchele.

Misa ikaendelea, na Odeta hakusikia mahubiri hata kidogo.

Walipotoka nje Pius alijaribu kupita kwa kona ya kanisa. Hakufika mbali.

"Pius! Njoo hapa, mwanangu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Geuka." Pius akageuka. Nusu ya mgongo ilikuwa kijani, nusu bluu. "Mmetembea hivi tangu Pasaka ya mwaka jana?"

Waimbaji wakaanza kukusanyika, wengine wakitazama viatu vyao. Pius akavua miwani, akaivaa tena.

"Mama, siku ile tulipofungua furushi, tulitazamana. Mwenzetu mmoja akasema turudishe. Ndipo mama Agutu hapa akasimama."

Agutu, mjane wa Kijaluo aliyehamia kisiwani kutoka upande wa Mara na kuishia kuwa sauti ya kwanza isiyo na mpinzani, akajibu mwenyewe. "Nilisema, huyu mama alinipokea siku niliyofika, akanishonea gauni la msiba bila kuniuliza ninatoka wapi. Leo macho yamemchoka, sisi twende kumwonyesha rangi? Nilisema atakayerudisha shati, na sauti yangu airudishe."

"Basi tukavaa," alisema Pius. "Tukaenda nayo hata Magu, kwenye mashindano. Mama, watu walisimama! Walidhani ndio mtindo. Kwaya moja ya hukohuko wamekwenda kwa fundi wao atengeneze kama haya, fundi ameshindwa. Anasema hawezi kujua rangi ipi inafuata."

Okal akaangua kicheko cha sauti ya nne, na kikawaangusha wote. Odeta alitaka kukasirika. Alikuwa na haki, fundi wa miaka mingi kama yeye, kutembezwa wilaya nzima kwa kola ya waridi. Lakini aliwatazama pale juani, nyuso zile alizokuwa akizisikia tu, kila mmoja na viraka vyake, na badala ya hasira yakaja machozi.

"Mama, usifute!" kwaya nzima ikapiga kelele, maana habari za masharti zilikuwa zimeshaenea Nansio yote.

"Nitawashonea mengine," alisema akiyaacha yatiririke. "Mwezi ujao nikipata miwani. Kijani. Kijani chenyewe."

"Shona, mama," alisema Agutu. "Lakini haya hatuyavui."

Njiani kurudi nyumbani Odeta ndiye aliyemshika Obedi mkono. Walipofika kibarazani akamketisha kwenye kiti cha wateja, akaketi mbele yake.

"Baba Precious. Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Mficha maradhi, kilio humfichua. Nimekuona kanisani. Una mapacha na wewe."

Obedi akaitoa kofia, akaizungushazungusha mapajani. Kuku walipita. Odeta akasubiri, kwa kuwa alijua kuwa mtu ambaye hajawahi kusema neno "sijui" anahitaji muda kulitafuta.

"Sijui," Obedi alisema mwishowe. "Lako lilianza, na langu likafuata nyuma yake. Nilidhani litaishia njiani. Halafu wewe ukawa huoni kabisa, nikasema, nikisema na mimi sioni, nani atamshika mkono? Atakaa ndani. Ataacha cherehani. Na cherehani hii ikinyamaza, Mama Precious, nyumba hii nani ataijua kuwa ina watu?"

"Kwa hiyo tulikuwa vipofu wawili tunaongozana."

"Na hatukuwahi kuanguka."

"Tulianguka kwenye mtaro wa sokoni!"

"Ule mtaro waliusogeza."

Odeta akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika mbavu. Obedi naye akaanza, kwanza kwa aibu, kisha kwa sauti, mpaka jirani akachungulia kujua kuna nini. Walipotulia, Odeta akamshika mikono yote miwili.

"Ulikuwa unaogopa kisu."

"Ulipokuwa ndani kule, nilikaa nje nikatetemeka mpaka mtu mmoja akaninunulia soda. Niliona ni wewe unakatwa, na ni mimi."

"Hawakati. Wanakutoa kijiti kwenye nywele. Na daktari ni fundi, nimemshika mkono. Tutakwenda pamoja siku ya miwani yangu."

Wakaenda. Safari hii Odeta ndiye aliyetangulia kupanda meli, akamwelekeza Obedi kila ngazi, na kwenye foleni waliingia ya abiria. Daktari Mihayo alipomulika macho ya Obedi akashusha pumzi, akamgeukia Odeta.

"Mama, na huyu ndiye aliyekuwa anakushika mkono?"

"Ndiye."

"Mzee, na wewe nitakufanyia yote mawili siku moja, au libaki moja la akiba?"

Obedi akatafuta mkono wa mkewe, akaupata. "Yote," alisema. "Yatoeni kabla sijabadilisha mawazo."

Alitoka chumba cha upasuaji analalamika kwamba walimaliza kabla hajapata nafasi ya kuogopa. Asubuhi yake sista Faith akabandua plasta, moja, kisha ya pili. Obedi akapepesa macho mara nyingi. Akatazama ukuta, akatazama mikono yake, akamtazama Odeta aliyekuwa ameinama mbele yake na miwani yake mipya.

"Mama Precious," alisema kwa mshangao wa kweli. "Umezeeka!"

"Na wewe je? Wewe umezeeka zaidi."

"Lakini sikujua," alisema taratibu, akiendelea kumtazama, "kwamba umezeeka vizuri hivi."

Odeta, ambaye hakuwahi kukosa jibu, safari hii alijifanya anarekebisha shuka.

Jioni Precious aliwapikia nyumbani kwake Igoma. Sato mzima, mkubwa, wa kuchemsha na nyanya na ndimu, akawekwa kwenye sinia katikati ya mkeka. Watu wakanawa, Precious akaombea chakula. Kila mtu alipofumbua macho, Obedi alikuwa ameshalikagua sinia lote kwa utulivu, pande zote, akaona minofu minene imekaa wapi. Akanyoosha mkono, akajikatia palepale, bila kupapasa.